Njia Kwanza au Nyumba Kwanza? Mabishano Kuhusu Dar es Salaam

Sinza na Manzese zimo ndani ya manispaa moja, Ubungo, na mtu hutoka moja hadi nyingine kwa miguu. Hahitaji kibao kumwambia kwamba amevuka. Sinza mitaa imenyooka, gari la taka linapita, gari la kunyonya vyoo linafika getini. Manzese, ukishaacha barabara kubwa, vichochoro vinapenya kati ya kuta za watu. Vingine vinaishia ukutani, vingine mlangoni kwa mtu.

Kata hizi ziliingizwa katika mradi mmoja. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, ikishirikiana na Benki ya Dunia, iliacha kutegemea bomoabomoa na kujaribu njia mbili. Kule ambako ardhi ilikuwa bado na nafasi, kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikapeleka maji kidogo, kisha ikawaambia wananchi wajenge kwa uwezo wao. Kule ambako watu walikwisha kujenga, kama Manzese, ilipeleka barabara, maji na taa katikati ya nyumba zilizopo. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics walichapisha tathmini ya mradi huo katika miji saba ya Tanzania. Baada ya miongo kadhaa, maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zenye mpangilio. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha mafanikio kama hayo.

Mtu angedhani ushahidi huo unamaliza kesi, kumbe ndio umeifungua. Makala hii inakalisha meza moja sauti nne zinazosikika kila mara Dar es Salaam inapojadiliwa: afisa mipango miji wa siku nyingi, mama mwenye nyumba Manzese, binti msanifu majengo, na dereva wa daladala. Hawakupewa majina, kwa sababu kila mmoja anabeba hoja za watu wengi.

Afisa ndiye wa kwanza, na anaanza na hesabu. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiofika laki tatu. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. “Mji uliokua hivyo,” anasema, “hauwezi kusubiri kila mtu apate nyumba nzuri ndipo upangwe. Serikali haina fedha za kuwajengea watu milioni tano, lakini za kuchora mstari na kuchimba bikoni inazo. Sinza hatukujenga nyumba hata moja. Tulizuia tu mtu asijenge barabarani. Nyumba wamejenga wenyewe, na tazameni zilivyo.”

“Tazama na waliomo, baba,” anajibu Mama. “Mradi ule ulisemwa ni wa watu wa kipato cha chini. Leo nenda Sinza ukaulize kodi ya chumba na sebule, halafu uniambie kama yule aliyekusudiwa bado yupo.”

Mama ameshika pazuri. Watafiti haohao waliona kwamba maeneo yaliyopimwa mapema yaliwavuta watu wenye elimu kubwa zaidi, kwa hiyo sehemu ya ubora wa nyumba inatokana na nani aliyehamia, wala si barabara peke yake. Tena Mama ana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji: Bunju, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma, Kibada na kwingineko. Viwanja vilipimwa vizuri, na vingi vikanunuliwa na wenye mishahara ya uhakika. Vingine vilikaa miaka mingi vikiota majani, mwenyewe akingoja bei ipande, huku fundi, mama lishe na mpiga debe wakinunua vipande vyao mabondeni kwa mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa.

“Kupima mnapima,” anasema Mama. “Ila mnampimia nani?”

Afisa hajaribu kuukwepa ukweli huo. Anakiri kwamba viwanja vile vilikuwa vikubwa mno kwa mfuko wa watu wengi, na kwamba kiwanja kidogo chenye njia nyembamba ni halali kabisa kwenye ramani ya mpangaji mwenye akili. Anachokataa ni hitimisho kwamba, kwa kuwa upimaji ulikosea ukubwa, basi afadhali usiwepo.

Hapo binti msanifu anaingia kwa kishindo. Kwake yeye wazee wote wawili wanagombania kitu kilekile kilichoiumiza Dar es Salaam, yaani nyumba ya chini, moja moja, kila mtu na ukuta wake. Mji umejitandaza hadi Chanika, Mbagala ya ndani na Bunju, na kila kilomita inayoongezeka inadai bomba, nguzo ya umeme, lami na saa nyingine ndani ya basi. “Mama, anayetoka Chanika kwenda kazini Posta anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Watoto wake anawaona wamelala asubuhi, anawakuta wamelala usiku. Ardhi ya katikati ya mji ipo, ila tumeikalia kwa sakafu moja. Magomeni Kota kaya 644 zilikuwa zinaishi katika nyumba chakavu za chini. Leo kuna maghorofa, kaya hizohizo zikarudi palepale na ardhi ikabaki ya maduka.”

Mfano wa Magomeni Kota unastahili kutazamwa kwa makini, maana kuna jambo lililofanyika pale ambalo ni nadra katika mji huu: waliovunjiwa ndio waliopewa nafasi ya kurudi. Lakini walisubiri muda mrefu. Nyumba za zamani zilibomolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010, na maghorofa mapya yakazinduliwa 2022. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya bomoabomoa alikuwa amemaliza kidato cha nne. Katikati hapo familia zilitawanyika kupanga kwingine, shule zikabadilishwa, biashara za kibarazani zikafa.

Mama anaeleza kwa nini ghorofa haimvutii, na maelezo yake hayana ushamba hata chembe. Nyumba yake ni ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo, mbele kibaraza. Chumba kimoja anakaa yeye na wajukuu. Vinne amepangisha. Kimoja kinachotazama njia amekitoboa mlango kikawa fremu, na kijana anauza humo vocha na sukari ya kupimiwa. Uani anapika maandazi kwa kuni. “Nyumba hii ndiyo pensheni yangu, mwanangu. Ukinipa vyumba viwili ghorofa ya sita, umenipa pa kulala na umeninyang’anya pa kulia chakula. Wapangaji wangu utawapeleka wapi? Na lifti ikifa, ndoo ya maji nitaipandisha na goti hili?”

Binti anajibu kwa heshima, na jibu lake ni zuri kuliko hoja yake ya kwanza. Hasemi tena maghorofa marefu. Anasema ghorofa tatu au nne zisizohitaji lifti, chini fremu na majiko, uani wa pamoja katikati, na mwenye nyumba wa zamani akabidhiwe vyumba vya kupangisha badala ya fedha za fidia zinazoyeyuka kwa mwaka mmoja. Kariakoo, anakumbusha, imefanya nusu ya jambo hilo bila kuambiwa na mtu. Mitaa yake iliyonyooka, iliyochorwa tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, ilizibeba nyumba za Kiswahili kwa miongo kadhaa, kisha ikayabeba maghorofa, bila haja ya kusogeza njia hata moja.

“Nusu,” anasisitiza dereva, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote. Na kila aliye mezani anajua nusu iliyokosekana. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo wafanyabiashara wakiwa ndani, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mji ulitazama siku kadhaa waokoaji wakifukua kifusi, huku waliokwama wakipiga simu wakiwa chini yake. Kwenda juu bila mkaguzi anayeweza kusimamisha kazi na akasikilizwa ni hatari kuliko kutanuka. Hili mwandishi analiona ndilo sharti la kwanza la hoja ya binti, nalo haliwezi kuachwa kama jambo la kushughulikiwa baadaye.

Mama ana neno moja zaidi kwa afisa kabla mjadala haujahama. Anataka akumbuke kwamba ramani za Dar es Salaam hazikuanza kwa kuwapenda watu wa aina yake. Wakoloni waligawa mji kwa rangi: Oyster Bay kwa Wazungu, katikati ya mji kwa Wahindi, Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo watu hupumzikia na kufanyia sherehe, uliachwa wazi ili Uhindini na Kariakoo zisigusane. Baada ya uhuru ikaja mipango mikuu ya 1968 na 1979 iliyoandaliwa na kampuni za Kanada, na mji ukakua nje ya michoro yote miwili. Mwaka 2008 ukatangazwa mji mpya wa Kigamboni. Wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa miaka wakiogopa hata kuongeza chumba, na mji mpya haukujengwa. “Kwa hiyo mkija na kamba ya kupimia,” anasema, “msishangae mtu akichungulia dirishani badala ya kufungua mlango.”

Afisa anasema amesikia. Kisha anaongeza, bila ukali, kwamba Mnazi Mmoja leo ni mojawapo ya sehemu chache ambazo mtoto wa Kariakoo anaweza kukimbia bila kugongwa. Waliouacha wazi walikuwa na nia mbaya. Uwazi wenyewe umewafaa wajukuu wa waliobaguliwa, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kuujenga.

Zamu ya dereva. Amebeba abiria tangu enzi za daladala za vipanya na ameona suluhisho nyingi za foleni zikikatiwa utepe. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Anayashukuru yote mawili, na anasema foleni ya Tazara anaikuta mbele zaidi. Kitu ambacho kwa maoni yake kilibadilisha maisha ya abiria ni mwendokasi wa awamu ya kwanza, kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ulioanza Mei 2016. Basi lenye njia yake linampita mwenye gari la kifahari aliyenasa kwenye foleni. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mradi huo, na ilikuwa haki yake.

“Lakini, mzee wangu, nenda Kimara jioni ukaone mistari,” anasema. “Mabasi machache, watu kibao, wengine wanaingilia dirishani. Barabara mlijenga ya kudumu, mabasi mkayaacha yachakae. Na sisi wa daladala mlituondoa njia ile kama takataka, badala ya kutupa kazi ya kuwaleta watu kituoni kutoka mitaa ya ndani.”

Binti anataka kuandika hilo la mwisho. Afisa anatikisa kichwa kukubali.

Dereva anaendelea na jambo dogo kwa gharama, zito kwa uhai. Abiria wake wote ni watembea kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka, na wengi ni wanafunzi. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi Dar es Salaam, likapima mahali watoto wanapogongwa, kisha likafanya mambo ya kawaida mno: njia ya miguu, matuta, pundamilia, vizuizi vya magari, na pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Utafiti ulionyesha majeruhi kuzunguka shule hizo walipungua kwa asilimia 26, na kazi hiyo ikashinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019. Kwa gharama ya daraja moja la juu, zingerekebishwa njia za shule nyingi sana. Mwandishi hana njia ya kuieleza orodha ya vipaumbele vya bajeti inayoweka magari mbele ya watoto hawa, wala haoni sababu ya kuivumilia.

Halafu kuna maji, na hapa hata dereva na afisa wanakaa upande mmoja. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika na mvua zile zikaua watu zaidi ya 40 jijini. Waathirika wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua na wateja wao, na baadhi wakarudi. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zikapigwa alama ya X nyekundu na tingatinga likaingia. Mafuriko hayakukoma. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi, na karakana ya mwendokasi, iliyojengwa palepale kwenye njia ya mto, imeingiwa na maji zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika.

“Mimi mkazi wa bondeni mliniita mkaidi,” anasema Mama, akiwasemea jamaa zake wa Jangwani. “Na aliyejenga karakana ya mabasi bondeni mlimwita nani?”

Hakuna anayemjibu. Afisa anazungumzia mradi mpya wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022: kuchimba kina cha mto, kuinua daraja la Jangwani, kulipa fidia wanaohama, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji inayoweza kufurika bila kuua mtu. Wazo hilo ni zuri, na mji wenye joto kama huu unaihitaji bustani hiyo. Lakini matope yanayoziba mto pale Jangwani yanatoka juu, kwenye miteremko inayofyekwa na kujengwa bila mtaro na kwenye mchanga unaochimbwa. Kila kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini kinachouzwa leo karibu na Pugu bila mfereji kinaongeza kazi ya kesho chini bondeni.

Kwa hiyo mabishano yanarudi pale yalipoanzia, ila sasa yakiwa na mizigo yote mezani. Na mwandishi anaegemea kwa afisa, kwa masharti ya Mama. Ghorofa inaweza kuongezwa baadaye, paa linaweza kubadilishwa, hati inaweza kutolewa mwaka wowote. Njia, mfereji na uwanja wa watoto, vikikosekana siku ya kwanza, haviwezi kupatikana tena bila kumvunjia mtu ukuta. Mama mwenyewe ni shahidi: katikati ya miaka ya 2000 alilipia leseni ya makazi, akaiweka kabatini, na gari la zimamoto bado haliwezi kufika kwake.

Yapo maeneo yaliyojaribu kurekebisha kwa heshima mahali ambapo siku ya kwanza ilikwisha kupita. Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990 wakazi wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani walichimba mitaro yao kwa malipo ya kazi, na maji yaliyokuwa yakilala ndani ya nyumba yakapata pa kwenda. Nairobi, mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Kaya zaidi ya laki moja zilishirikishwa, zikisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji, na wapangaji wakakubali barabara nyembamba kuliko vipimo vya kawaida, kwa sababu vipimo vya kawaida vingefukuza watu wengi mno. Afisa anapoyasikia haya anauliza kama Manzese wangekubali kila mwenye nyumba kutoa mita moja mbele ya ukuta wake.

“Mita moja nitatoa,” anasema Mama, “kama jirani yangu mwenye ghorofa naye anatoa, na kama kabla ya tingatinga naona mabomba yamelala pembeni, si kwenye karatasi.”

Kwa pembezoni kazi ni rahisi zaidi na haraka yake ni kubwa zaidi. Ethiopia, tangu 2013, miji kama Hawassa, Adama na Mekelle ilisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York chini ya Shlomo Angel kuchora gridi ya barabara kuu mashambani kabla watu hawajafika: upana wa mita 30, umbali wa takriban kilomita moja kati ya barabara na barabara. Hawakusubiri lami. Walitia alama ardhi na kuilinda. Ahmedabad, India, wenye mashamba hukusanya ardhi yao, sehemu ikakatwa kwa ajili ya barabara, shule na bustani, na kila mmoja akarudishiwa kiwanja kidogo kilichonyooka chenye thamani kubwa kuliko shamba la awali. Hakuna anayefukuzwa, na mji haulipi fidia ambayo hauna.

Binti anadai kwamba gridi kama hiyo ije na ruhusa ya kujenga hadi sakafu nne kando ya barabara kuu, ili Chanika isiwe mandhari nyingine ya nyumba za chini zisizo na basi. Dereva anataka vituo vya daladala na njia za miguu vichorwe humo kabla ya maduka. Mama anataka theluthi ya viwanja viwe vidogo kiasi cha mama lishe kulipia kwa miezi, na visiuzwe mara ya pili ndani ya miaka mitano. Hapo afisa anapinga: katazo la kuuza, anasema, litawasukuma watu kwenye mauziano ya kificho, na mwenye shida ya hospitali atauza kwa bei ya kutupa. Mama anasema bila katazo viwanja vitakwenda kulekule vilikokwenda vya 2002. Kwa hili hawakukubaliana. Walilokubaliana ni kwamba ramani ya njia na mitaro ya Chanika, Msongola na Pugu inapaswa kuwa ukutani katika ofisi ya kila serikali ya mtaa, ili mwenyekiti anayegonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano aione kwanza, na mnunuzi naye aione, kabla fedha hazijabadilisha mikono.